Inzi Wenye Macho ya Mama Yao

Habari ya kifo cha Mwalimu Hollis ilinikuta Aston, mtaa mmoja wa Birmingham, kwenye maegesho ya chuo kimoja, nimekumbatia sanduku lenye chupa ishirini za inzi. Simu ilitetemeka mfukoni nikashindwa kuitoa kwa kuogopa kuangusha mzigo. Nilipoliweka sanduku juu ya kiti cha gari ndipo nikausoma ujumbe wa Mama Riziki: “Nyambura, Mwalimu wetu ametutoka. Alikufa mu usingizi, bila kuteseka.” Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho nikalia bila kujificha, wanafunzi wakipita na mabegi yao, mmoja akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia la, siko sawa, lakini anisaidie kufungua mlango. Kulikuwa na baridi, na inzi wale wangeganda. Mwalimu asingenisamehe kuwaua inzi wa chupa ishirini kwa ajili ya kumlilia yeye.

Kazi yangu ya sasa nikiieleza kanisani, watu hucheka. Eti Nyambura amekuja Ulaya kufuga inzi. Haki ya nani, hawajakosea sana. Nazunguka vyuo vya mji huu ambavyo wanafunzi wake wengi ni watoto wa Wapakistani, Wasomali, Wajamaika, Wakongo na sisi Wakenya, na watu wazima wanaoingia darasani wakiwa bado na sare za kazini. Natafuta hadubini zinazofanya kazi, nawafundisha walimu kufuga inzi wadogo wa matunda, na nawafungulia wanafunzi njia ya kuingia maabara za chuo kikuu, wakae humo kama wenyeji, si kama wafagiaji. Nilikozaliwa na jinsi nilivyofika Birmingham nimeshasimulia hadi nimechoka kujisikia. Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Mwaka huo nilimdanganya mwalimu wangu kwa sababu ya kumheshimu, na uongo wenyewe ukanifungua macho.

Chumba chetu cha somo la sayansi kilikuwa ghorofa ya pili ya chuo kidogo cha Washwood Heath. Zamani kilikuwa darasa la mapishi, ndiyo maana kilikuwa na masinki sita na majiko mawili ya gesi, na harufu ya mafuta yaliyoungua ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiweza. Dirishani uliona kiwanja kikubwa kilichobaki kitupu baada ya kiwanda cha magari ya mizigo kufungwa. Baba yake Mwalimu Hollis alikuwa amechomelea milango pale maisha yake yote. Mwalimu mwenyewe hakuwa na sura ya mtu wa maajabu. Alikuwa Mzungu wa Birmingham hii hii, mrefu, mabega yameinama, sweta moja ya kijivu kuanzia Septemba hadi Mei, na Kiingereza chake cha mtaani kilinifanya nijiulize kama kile nilichofundishwa Nairobi kilikuwa lugha nyingine. Humu nitamsemesha Kiswahili, anisamehe huko aliko.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Chuo kikuu kimoja mjini kilikuwa kimegundua, kwa kuchelewa, kwamba maabara zake za sayansi ya viumbe hazikuwa na watu wa mitaa yetu. Kikaliahidi darasa letu nafasi mbili. Wawili kati yetu kumi na wanne wangefanya kazi maabara kiangazi kizima, na wakifanya vizuri wangeingia kusomea shahada bila kudaiwa vyeti vya nyumbani, ambavyo wengine wetu hatukuwa navyo tena. Daftari zetu za majaribio ndizo zingeamua. Nami niliitaka ile nafasi hadi nikajionea haya. Kila alfajiri nilikuwa nageuza wazee vitandani kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Alum Rock, nawapenda, nawaogesha, nawasikiliza habari zao, na kila alfajiri nilijiambia kwamba mikono hii ina kazi nyingine inayoingoja.

Siku ya kwanza ya vitendo hatukugusa kitu cha sayansi, tulipika. Mwalimu alipanga mezani unga wa mahindi, hamira, sukari, na unga mwingine mweupe wa kugandishia uliotokana na mwani. “Hiki ndicho chakula cha inzi,” akasema. Kando yangu alikaa Mama Riziki, mama wa Uvira aliyevuka miaka arobaini, aliyewahi kusaidia kwenye zahanati ya kwao kabla vita havijamtoa. Aliniuliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, “Nyambura, bazungu banapikia nzi bouillie?”

“Uji, ndiyo. Wanawapikia uji.”

“Na miye maisha yote niliwafukuza na kitambaa! Mungu anisamehe, nilifukuza wageni.”

Mwalimu akawasha jiko, maji yakachemka, akaumwaga unga wote kwa mkupuo. Jamani! Darasa zima la wanawake likaguna kwa pamoja, Msomali, Mpakistani, Mkenya, kila mmoja kwa lugha yake lakini mguno ni ule ule. Mabonge yakaanza kuelea. Mwalimu akayapigapiga kwa kijiko cha bati huku uso umemwiva. Mama Riziki alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akainuka, akamshika bega kama mtu anayemtoa mtoto karibu na moto. “Pole, Mwalimu. Toka kidogo.” Akamwaga ule uji, akaukoroga unga mpya kwenye maji baridi kwanza, akaumimina polepole kwenye maji ya moto, mkono hausimami, akiuliza bila kugeuka, “Unataka iwe nzito sawa bugali ao laini?” Nikamtafsiria. Mwalimu akasema iwe nzito kiasi cha kusimama chupani, laini kiasi cha buu kuchimba. Mama Riziki akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa vizuri kabisa. Nami nikamwona Mwalimu amevuta daftari lake, anaandika: maji baridi kwanza. Aliandika na jina la Mama Riziki pembeni.

Sijui niieleze vipi ile hali. Nilikuwa nimewahi kuona wazungu wakitushukuru, wakitupongeza, wakituhurumia. Sikuwahi kuona mmoja akituandika. Mpaka leo, chuo chochote nikienda, naanzia jikoni. Wanafunzi wanaoishika hadubini kwa kuogopa huichangamkia sufuria, na baada ya sufuria hadubini haiwatishi tena. Siku ile tulipomaliza kujaza chupa, tulikula na sisi. Mama Riziki alikuwa amebeba sombe, kisamvu cha kwao, na bugali, mimi chapati, wasichana wa Alum Rock wakashuka kununua sambusa za moto. Tulikula kwenye zile zile meza za inzi, na hakuna aliyeona vibaya.

Ila baada ya kula nilienda kuosha sufuria kwenye jiko la walimu, na mlango wa ofisi ya jirani ulikuwa wazi. Nilimsikia mkubwa mmoja wa chuo akisema, “Hollis na inzi wake. Wale si watu wa sayansi. Wapeleke kwenye utunzaji wa wazee, kazi ziko tele.” Mwalimu akajibu kwa upole, “Wageni wa chuo kikuu wakija watajionea wenyewe. Nimeliweka jina langu hapo.” Yule mkubwa akauliza, “Na wakikuta fujo?” “Hawatakuta fujo,” akasema Mwalimu. Nilifunga bomba taratibu wasijue nipo. Tangu siku hiyo nikajiapiza kwamba fujo haitatoka kwenye meza yangu.

Wiki zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyehamia nchi nyingine bila kupanda ndege. Mwalimu aliniwekea buu chini ya hadubini, lile buu ambalo ukiliona kwenye ndizi unatupa ndizi, akaniambia nitazame mgongoni. Ngozi yake ilikuwa angavu kama karatasi ya mafuta, na ndani yake kulikuwa na mrija mwembamba unaopiga. Unapiga, unapumzika, unapiga. “Huo ni moyo,” akasema. Nikaanza kulia, na kwa kuwa jicho lilikuwa kwenye hadubini, kioo kikajaa ukungu nikadhani nimekiharibu. Moyo! Kila nilichokiua kwa kofi maisha yangu yote kilikuwa na moyo. Baada ya hapo nikawaona wakiwa ndani ya vifuko vyao vya kahawia, wamefungwa kama maandazi kwenye karatasi, na siku moja kabla ya kutoka, macho yao mekundu yanaonekana kupitia ganda, tayari yameumbwa, yanangoja tu. Nilikuwa natoka pale najikwaa ngazini. Nikiwa kwenye basi namtazama kila abiria nikiwaza: na huyu, na huyu, na yule mtoto aliyelala, mioyo inapiga na hakuna anayeshangaa!

Likaja jaribio lenyewe, lile ambalo wageni wangelikagua. Kila wawili walipewa chupa yenye wazazi: mama wenye macho mekundu na baba wenye macho meupe. Mama hao ilibidi wawe mabikira, wasiwe wamewahi kukutana na dume, la sivyo hesabu ya watoto haiaminiki. Mwalimu alipoeleza hayo, Mama Riziki alicheka hadi akaegemea sinki. “Hata kanisani hatuchungi hivi!” Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewachagua wazazi na kubandika lebo. Kwenye ubao akaandika kwa herufi kubwa kwamba watoto wa kizazi cha kwanza wote watakuwa na macho mekundu, kwa sababu wekundu una nguvu kuliko weupe. Kizazi cha pili ndicho kingekuwa na mchanganyiko. Wazazi wakishataga wanatolewa na kuwekwa kwenye kichupa cha spiriti chenye jina lao. Watoto wakitoka, wanahesabiwa mchana na jioni na kuhamishiwa chupa mpya, wazae hicho kizazi cha pili.

Wiki ya kutoka watoto, Mama Riziki alikuwa na zamu ya kufanya usafi hospitalini, kwa hiyo niliingia chumbani peke yangu saa sita mchana. Niliiweka chupa kwenye barafu inzi wakalala, nikawamwaga kwenye kigae cheupe, nikaanza kuwasogeza kwa brashi ya kuchorea. Mwekundu. Mwekundu. Mweupe. Nikasimama. Mweupe mwingine. Macho kama punje za mchele. Nikawapanga makundi mawili: ishirini na mbili wekundu, kumi na tisa weupe. Nikainua macho, ubao uko pale pale: wote wekundu. Nikaenda kwenye chupa za wenzangu nikachungulia kupitia kioo. Wote wekundu.

Wewe unayesoma pengine ungeandika ulichokiona ukaenda zako. Mimi nililelewa kwamba mwalimu hasahihishwi. Mwalimu akikosea ubaoni, unanakili kosa lake kwa mwandiko mzuri na unamwombea. Wazazi wa chupa ile aliwachagua yeye kwa mkono wake, kwa hiyo kusema chupa imekosea ni kusema Mwalimu amekosea, mbele ya wageni, mbele ya yule mkubwa aliyekuwa anangoja fujo kwa hamu. Na nisijifanye mtakatifu: niliiona na nafasi yangu ikipotea. Daftari chafu, meza ya fujo, Nyambura rudi kwa wazee. Nikachukua brashi, nikawasogeza wale weupe kumi na tisa mmoja mmoja hadi kwenye kichupa changu cha spiriti, nikakificha ndani ya soksi ya sare kwenye begi. Nikaandika: wekundu ishirini na wawili, weupe hakuna. Wekundu nikawatia kwenye chupa mpya. Jioni nikarudia, na siku mbili zilizofuata hivyo hivyo. Mama Riziki aliporudi alinakili hesabu zangu zote kwenye daftari lake kwa wino wa bluu, akanibariki kwa kumfanyia kazi.

Wiki ikapita. Chupa za wenzetu zikajaa mabuu yanayopanda kuta za kioo. Yetu, wapi! Mayai yalikuwepo juu ya uji, meupe, mengi tu, lakini hayakuanguliwa. Siku ya nane yakaanza kunyauka. Mama Riziki aliinua chupa kwenye mwanga akaizungusha, uso umemshuka.

“Iko tasa,” akasema. “Ni uji yangu. Niliweka hamira mingi ao nilipunguza moto.”

“Si uji, Mama Riziki.”

“Ni nini basi? Vitu vingine vyote ni vyako na Mwalimu. Yangu ni uji tu.” Akakaa. “Kitu moja walinipa kufanya, na nimeiharibu.”

Lo! Maneno yale yalinichoma. Nikamwambia aende nyumbani, nitaangalia. Alipotoka nikawalaza inzi wa ile chupa, nikawaweka chini ya hadubini, safari hii sitazami macho, natazama mikia. Jike ana mkia uliochongoka wenye mistari. Dume mkia wake ni wa mviringo, mweusi, na kwenye mguu wa mbele ana kichanuo kidogo. Jike. Jike. Jike. Nikafika wa mwisho, hakuna dume hata mmoja. Nikafungua begi, nikatoa soksi, nikatoa kichupa, nikawamwaga wale weupe niliowaficha. Madume. Wote, mmoja baada ya mwingine, madume watupu, kuanzia wale kumi na tisa wa kwanza hadi wa siku ya mwisho.

Nilikuwa nimewatupa kaka wote nikabaki na dada, halafu nikashangaa kwa nini hakuna watoto. Lakini aibu hiyo ilikuja baadaye. Kilichotangulia kilikuwa kitu kingine, kwa sababu nilikuwa nimeshakiendea kile kichupa cha wazazi chenye lebo ya Mwalimu. Nikawamwaga wazazi kigaeni. Lebo ilisema baba ni weupe, mama ni wekundu. Hadubini ilisema kinyume. Mama ndio walikuwa na macho meupe. Wana wa kiume wote walikuwa wamechukua macho ya mama yao, na mabinti wote, bila kukosa hata mmoja, macho ya baba yao.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye jiko. Tangu utotoni nimesikia watu wakisema mtoto huyu kamfuata mama, yule damu ya baba, nikadhani ni maneno ya kupokelea wageni. Kumbe kuna utaratibu. Kumbe ndani ya kiumbe ambacho ni kidogo kuliko punje ya mtama kuna kitu mama anachomkabidhi mwana na kingine baba anachomkabidhi binti, na makabidhiano hayo yanafanyika gizani, bila shahidi, na hayakosei. Nami, mgeuza wazee, nilikuwa nimeyaona. Hakuna aliyenisimulia. Nilijisikia mdogo sana na nikafurahi kuwa mdogo. Nimesimama mbele ya altare nyingi, na sijawahi kuogopa kwa utamu namna ile.

Kisha nikakumbuka daftari langu linasema weupe hakuna, na kwamba wageni wanakuja keshokutwa.

Nilimwendea Mama Riziki kwake jioni ile ile, Alum Rock, akiwa anatwanga vitunguu saumu. Nilimweleza yote nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, mchi umesimama hewani.

“Kwa hiyo miye nimenakili uongo.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na nilijilaumu kwa uji yangu, na weye ulinitazama tu.”

Akaweka mchi chini. “Nitakuambia kitu moja. Pale zahanati kwetu kulikuwa infirmier, muuguzi, kijana wa heshima sana. Docteur alisema homa ya mtoto itashuka asubuhi. Asubuhi homa haikushuka. Kijana akaandika imeshuka, juu docteur alikuwa muzee na hakutaka kumupatisha haya. Docteur akasoma karatasi, akapita kitanda ya pili.” Akafuta mikono kwenye kitenge. “Ule mtoto nilimubeba miye kumurudishia mama yake. Heshima yako, Nyambura, nishakutana nayo.”

Nikaomba msamaha nikilia. Hakunikumbatia. Aliniambia, “Kesho kutwa utasema, ao nitasema,” kisha akanipa sahani ya chakula, kwa sababu Mama Riziki hawezi kukufukuza na njaa hata akiwa amekukasirikia. Nilikula kila punje.

Wageni walikuja watatu, wakiongozwa na profesa mmoja mwanamke mwenye miwani mnyororoni, mtulivu, macho yake hayakosi kitu. Yule mkubwa wa chuo alisimama karibu na mlango, mikono kifuani. Profesa alipita meza kwa meza akifungua daftari. Alipofika kwetu, nikapiga moyo konde nikasimama kabla hajashika kurasa. Nikasema daftari hili lina uongo na ni wangu. Nikasema nilichokiona, nilichokitupa, nilichokiandika, na kwamba Mama Riziki alinakili kwa kuniamini. Nikafika hadi kwenye wazazi, nikasema, “Na lebo ya chupa, Mwalimu, samahani sana, nadhani ilibadilika.” Nilitamani sakafu ipasuke. Mlangoni nilimsikia yule mkubwa akivuta pumzi ya mtu aliyepata alichokingoja.

Mwalimu Hollis hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la joto, akatoa chupa iliyokuwa imewekwa peke yake rafu ya juu, akaichungulia, akaja kwenye hadubini yangu akainama juu ya wale wazazi. Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umefunguka, jamani, alikuwa anacheka! “Nimekosea,” akasema kwa sauti ya darasa zima. “Chupa hii ya kabatini ndiyo iliyokuwa yao. Ile waliyopata niliiandaa kwa somo la mwezi ujao. Nilibadilisha lebo. Mimi.” Akageukia ubao, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake, akaandika chini: inategemea nani ni mama. Akaweka sahihi. Mzee, mbele ya wanafunzi, mbele ya wakubwa wake, na jina lake alilokuwa ameliweka, alikuwa anakosolewa na anafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Mimi nilikuwa nimevunja amri ya kweli ili kumkinga na kitu ambacho hata hakikumuuma.

Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha. “Kosa langu ni la lebo. Lako ni la daftari. Hayalingani, na sitakudanganya kwamba yanalingana.” Akaniambia nisichane ukurasa. Nipige mstari mmoja mwembamba juu ya uongo, usomeke daima, niandike ukweli kando yake na tarehe na jina langu. Nilifanya hivyo watu wote wakitazama. Profesa akasubiri nimalize, akasema bila ukali, “Nafasi hizi ni za watu ambao naweza kuliamini daftari lao nikiwa sipo. Leo siwezi kukupa.” Akamtazama Mama Riziki. “Wala wewe, mama. Uliandika ambacho hukukiona.” Mama Riziki aliinamisha kichwa akasema, “Ni kweli.” Neno hilo moja lilinichapa kuliko yote.

Nafasi walipewa wasichana wawili wa meza ya dirishani, na walistahili. Sisi wawili tuliingia chuo kikuu mwaka uliofuata, baada ya kusubiri na kufanya kazi. Kabla ya hapo Mwalimu alituambia tuanze upya, mama weupe, baba wekundu, kwa lebo sahihi. Mama Riziki akapika uji. Wiki nzima nilihesabu na Mwalimu akahesabu nyuma yangu, kila kundi, kila mkia, asubuhi na jioni, bila kusema neno la kuniumiza na bila kuniruka hata inzi mmoja. Nilikubali. Mficha uchi hazai, na chupa yangu ilikuwa imeshanionyesha hivyo bila methali.

Asubuhi ya mwisho ya hesabu, mwezi Mei, jua limejaa kwenye masinki, nilikuwa nimeinama kwenye hadubini, Mama Riziki kushoto kwangu anachukua zamu yake kutazama baada yangu kila kundi, kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, akafungua daftari lake kubwa. Nikangoja aje achukue nafasi yangu kama siku zote. Nikasogea kumpisha. Hakuinuka.

“Endelea,” akasema. “Niambie.”

Nikamtazama kuhakikisha. Kisha nikarudi kwenye kioo, nikaanza kusema nilichokuwa nakiona: dume, meupe, jike, mekundu, jike, mekundu, dume, meupe. Na Mwalimu Hollis akawa anaandika, mstari baada ya mstari, bila kuomba kuangalia.